Diski Sita Nilizozipakata

Ofisi ya Mradi wa Kumbukumbu za Mashamba,
Mikumi.
Jumapili, 14 Septemba 2014

Dada yangu Selestina,

Shikamoo. Najua hapo umeitikia marahaba kwa sauti, ukiwa peke yako uani na kinu mbele yako, kisha ukajicheka. Usiache tabia hiyo. Ninapoandika nakuona kabisa, na kukuona huko ndiko kunakonipa nguvu ya kushika kalamu.

Habari za Mvumi? Goti lako linaendeleaje, lile linalokataa kupiga magoti kanisani lakini kuinama shambani kutwa nzima linakubali? Nasikia Magreti amemaliza mtihani wa darasa la saba wiki hii. Mwambie mjomba wake anampa pole na hongera kwa pamoja, ashike anayoitaka. Na Frank je, bado anakimbizana na kanga wa jirani? Mwambie siku kanga watakapomgeukia asije akasema hakuonywa.

Mimi mwilini sijambo. Mikumi ni ileile: malori barabarani, vumbi, na nyani ambao sasa wamejifunza kufungua dirisha la ofisi yetu. Wiki iliyopita waliingia wakala chakula cha mchana cha Mama Doris, mkuu wetu, wakaacha sahani safi kuliko ambavyo yeye angeiosha. Tulicheka wote. Nilicheka na mimi, na nikashangaa kwamba bado naweza.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara nne nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni, na mara zote nne tukaishia kwenye nyanya na mvua. Sauti yako ikisema tu haya Timo, nambie, mimi naishiwa. Karatasi haina sauti, ndiyo maana nimeikimbilia. Kuna na sababu ya pili ya kuandika, utaiona mbele. Nakuomba usome taratibu, usiruke, na kama kuna watu hapo nyumbani, subiri waondoke.

Nianzie pale unapopajua. Mwaka juzi mwezi wa nane mradi wetu ulipita Mvumi kuandikisha mashamba na kuwarekodi wazee, kila mmoja aseme kwa kinywa chake mipaka yake ni ipi na shamba analiacha kwa nani. Utaratibu ulikuwa mkali. Mzee aliingia chumbani peke yake na karani, ili mtoto au ndugu asimsimamie na kumtia maneno. Na sisi watumishi wa mradi tulikatazwa kabisa kukaribia mzee wa ukoo wetu akihojiwa. Kwa hiyo siku ya baba mimi nilikaa nje kwenye benchi, hatua thelathini, nikimwona kupitia dirishani na ile kofia yake ya reli, mdomo unatembea, na sikusikia hata neno moja. Alipotoka alinipita, akaja kwako, akakuambia kwamba amewaambia shamba la mtoni ni lako, na mtu asikubughudhi. Wewe ndiye uliyemwogesha na kumlisha miaka mitatu, mimi nikiwa Morogoro chuoni kwa jasho lako, na kaka Cleopa akiwa Rudewa kwa mama mkubwa akija sikukuu hadi sikukuu. Baba hakukosea. Lakini maneno aliyokuambia wewe hayakuwa na shahidi, na yale yenye shahidi yalikuwa kwetu ofisini.

Baba alipofariki, Cleopa alidai shamba lote kwa kuwa ni mtoto wa kiume wa kwanza, na kwamba binti akipewa ardhi amepewa mume wake, na wewe mume huna, kwa hiyo atapewa nani. Nakumbuka siku ile ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba ushuhuda wa baba upo, uko kwenye mradi anakofanya kazi Timo, na siku ukitoka kila mtu atashika adabu. Uliponitazama nikatikisa kichwa kukubali. Nilijisikia mkubwa siku ile. Nilijiona kwamba ada zako zote shuleni zimepata jibu.

Sasa nikueleze hiyo mashine yenyewe, maana miezi yote hii nimekuwa nikikuambia seva ina tatizo, kama daktari anayesema ni presha kisha akaondoka. Ni sanduku moja la chuma, linatosha kukaa juu ya meza ya chakula. Kwa ujanja wa programu tumeligawa ndani, likawa linajifanya kompyuta nne: moja ya ramani, moja ya nyaraka na sauti za wazee, moja ya barua za ofisi, na moja ya kuzilinda hizo nyingine. Zote nne zinakula kwenye ghala moja, na ghala hilo ni diski sita. Ushuhuda wa baba haukukaa kwenye diski moja. Ulikatwa vipandevipande, kila diski ikachukua chake. Anayejua kipande kipi kiko wapi ni kadi moja ndogo iliyo katikati, sisi tunaiita adapta. Adapta ikikosewa mpangilio wake, mashine inawaka vizuri, taa zote za kijani, feni inazunguka, lakini inakuambia haioni ghala. Diski zimejaa na yenyewe inalia njaa.

Januari mto ulipoingia mjini Kilosa, ofisi yetu ya kule ilijaa maji mpaka kiunoni. Makaratasi yote ya wazee yaliyokuwa kwenye kabati la chuma yakageuka uji. Diski ya akiba, iliyokuwa na nakala ya kila kitu, ilikuwa kwenye droo ya chini kabisa, na mimi ndiye niliyeiweka droo ya chini kwa kuogopa wezi. Seva ilipona kwa kuwa ilikuwa juu ya meza. Ila adapta yake ilikufa kwa unyevu, ikabidi iagizwe nyingine Dar es Salaam, ikaja na basi, haikuwa sawasawa na ile ya zamani. Mama Doris akaamua ofisi ihamie Mikumi palipo pakavu.

Unakumbuka tulivyohama Rudewa kuja Mvumi? Mama alipakia kila kitu kwenye mkokoteni, vitanda, kuku, chungu, lakini kioo cha taa alikiviringisha kwenye kanga akakipakata mwenyewe njia nzima. Watu wetu ndivyo wanavyohama. Kinachovunjika hakipandishwi na mizigo. Nami nilifanya hivyohivyo. Barabara ya Kilosa kuja huku unaijua ilivyo. Nikazichomoa diski zote sita, nikazifunga moja moja kwenye taulo na sweta, nikazipakata kwenye kiti cha mbele, na dereva wetu Mzee Ditram akaendesha gari kana kwamba amebeba bibi harusi mwenye mimba. Hiyo ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Kesi yako na Cleopa kwenye baraza la ardhi ilikuwa Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, na nilikuahidi kwamba Jumapili utakuwa na karatasi mkononi.

Jumatano nikarudisha diski, nikafunga adapta mpya, nikawasha. Mashine ikasema haioni ghala. Nikapekua mipangilio kutwa nzima, nikabadilisha hiki nikarudisha kile, bila mafanikio. Alhamisi nikampigia Mudathir, mhandisi wa Dar es Salaam aliyetufungia seva mwanzoni. Alinisikiliza kwa utulivu, akaniambia nisihofu, jambo hilo ni la kawaida pale adapta inapobadilishwa, na kwamba yeye angefika Jumatatu mchana. Jumatatu mchana, dada. Baraza lingekuwa limeshafunga daftari lake.

Ijumaa jioni nikawaambia watu wote kwamba diski zimeharibika kwa mitikisiko ya barabara. Nilimwambia Mama Doris, nikamwambia Mudathir asijisumbue kuja, nikakupigia na wewe. Wewe ulinipa pole. Uliniuliza kama nimekula. Kisha ukaniuliza kama zinatengenezeka, na nikasema ndiyo, ila zitachukua muda. Jumatatu ukasimama barazani ukaomba kesi iahirishwe kwa sababu ushahidi uko kwa fundi, wakakupa mwezi wa tano. Mwezi wa tano ukaomba tena, wakakupa mwezi wa tisa, wakasema hiyo ndiyo ya mwisho. Hiyo ni Alhamisi hii inayokuja.

Katikati hapo, mwezi wa tano huohuo, Cleopa alimtuma mzee wa kanisa Simoni kwako kusema kwamba yuko tayari mgawane nusu kwa nusu, wewe uchukue upande wa mtoni. Habari hiyo niliipata kwa mzee Simoni mwenyewe. Alinisimulia kwamba ulimkaribisha vizuri, ukampa uji, kisha ukamwambia huwezi kupokea nusu ya kitu ambacho baba amekupa kizima, na kwamba mdogo wako yuko Mikumi anatengeneza mashine usiku na mchana na wewe huwezi kumvunja moyo kwa kukata tamaa kabla yake. Mzee Simoni alinisifu sana. Alisema ni nadra siku hizi ndugu kuaminiana hivyo. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka stendi, nikarudi chumba cha seva nikakaa sakafuni.

Nimemtafuta pia Bibiana, karani aliyemhoji baba. Ameolewa Songea. Kwa simu aliniambia anamkumbuka mzee mmoja mwenye kofia ya reli aliyekuwa akikohoa sana, lakini maneno yake hapana, kwa kuwa wazee walikuwa zaidi ya mia nne na kila mmoja alikuwa na mto wake, mnazi wake na mtoto wake. Hawezi kuapa juu ya asichokikumbuka. Sikumlaumu.

Jana Jumamosi Cleopa alikuja hapa. Nilitoka ofisini nikamkuta amesimama chini ya bango letu, amevaa koti la baba, lile la kahawia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukaenda kunywa chai pale wanapokaa madereva wa malori. Hakunigombeza. Aliniuliza ya mama wadogo na ya shangazi, kisha akaweka kikombe chini akaniambia kwamba yeye ni mtu mzima na amechoka, watu wa Rudewa wanamcheka kwamba anapigania shamba na dada yake, na anataka kujua jambo moja tu kutoka kwangu kwa kuwa tangu utotoni hajawahi kunisikia nikisema uongo. Aliniuliza kama ushuhuda wa baba upo au haupo. Kama upo, alisema, mpaka Jumatano jioni bado anaikubali nusu kwa nusu, waandikishane mbele ya mzee Simoni, aibu iishe. Kama haupo, Alhamisi ataliomba baraza limpe lote, na yuko mfugaji wa Msowero anayelingoja shamba lile kwa ajili ya maji yake.

Nilimwambia upo. Nilisema tumeshaupata, unasubiri kuchapwa tu.

Akanywa chai yake yote, akasema basi ni kama baba mwenyewe amesema, akaniaga. Alipopanda basi aliniinulia mkono. Na mimi nimeanza kukuandikia tangu saa ile, nimechana karatasi nne, hii ni ya tano.

Sasa niseme. Dada, barabara haikuua diski hata moja. Zilifika zote sita nzima kama zilivyotoka Kilosa. Mudathir siku ile ya Alhamisi aliniambia zaidi ya nilivyokuandikia hapo juu. Aliniambia kwamba diski zenyewe zimebeba kumbukumbu ya mpangilio wao wa zamani, adapta mpya haizijui tu, na ipo sehemu ya kuiamuru izipokee jinsi zilivyo. Akanikataza kwa maneno mazito nisiguse kitu chochote mpaka afike. Alinitajia hatari yenyewe. Nilimwitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi.

Ijumaa mchana Mama Doris alikuwa kwenye kikao, mlinzi amekwenda kuswali. Nilikuwa peke yangu na mashine. Nilikuwa nakuona wewe umesimama barazani mikono mitupu. Nikatoa daftari langu la chuo, lile ulilolifunika kwa gazeti, nikafungua ukurasa wa adapta. Hatua zilikuwa zimeandikwa vizuri kwa mkono wangu: safisha mpangilio wa zamani, tengeneza mpya, andaa diski. Nilikuwa nimepata alama za juu kwenye somo hilo. Kitu ambacho hakikuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyekisema na mimi sikuuliza, ni kwamba chuoni tulijifunza kwenye mashine tupu. Miaka miwili, kila mashine niliyoishika haikuwa na kitu cha mtu ndani. Kwetu kusafisha kulikuwa ndiyo mwanzo wa kazi.

Mashine iliniuliza kama nina hakika. Iliniuliza mara mbili, dada. Nikajibu ndiyo mara mbili. Adapta ikazipokea diski, ghala likaonekana, kubwa, la kijani, na mimi nikapiga makofi peke yangu chumbani. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta karatasi nzuri ya kukuchapia. Mashine ikaanza kuandaa diski, na mimi nikakaa nikiitazama asilimia inavyopanda, nikiona ndiyo kazi inakwenda. Ilipofika themanini na mbili ndipo nilipofungua ghala kuangalia nyaraka, nikakuta hakuna kitu. Nikachomoa waya wa umeme ukutani kwa mkono. Ilikuwa saa kumi na dakika chache, jua bado kali, nje wanawake walikuwa wanapita na ndoo wanacheka.

Kwa hiyo tangu Februari sijatengeneza kitu. Kila asubuhi nimefungua chumba, nikawasha sanduku tupu, nikaliacha lingurume ili Mama Doris asikie, nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba uchunguzi unaendelea. Miezi saba. Wiki za mwanzo nilijaribu kwa kweli. Nilipata programu ya kuokota mabaki kwenye ile sehemu ambayo haikuwa imefutwa, nikaokota robo ya ramani ya Rudewa, barua ya kuomba likizo, na sauti moja ya sekunde tisa. Katika hizo sekunde tisa kuna mzee anakohoa, basi, hasemi neno. Nimeisikiliza siwezi kuhesabu mara ngapi. Siku nyingine nasema ni baba. Siku nyingine nasema baba alikuwa anamalizia kikohozi chake kwa kuguna, na huyu haguni. Ni mtu mwingine. Nadhani ni mtu mwingine.

Na si wewe peke yako niliyekukosea. Niliposema barabara, ofisi ilisikia dereva. Mkataba wa Mzee Ditram ulipokwisha mwezi wa tatu hawakumpa mwingine. Mtu aliyeendesha kilomita zote zile bila kuligonga shimo hata moja kwa ajili yangu. Sasa anaendesha lori la vitunguu la mtu, na ndiye anayekuletea barua hii kesho, kwa kuwa anapitia Mvumi. Alipoikubali aliniuliza kama mashine imepona. Mpe maji ya kunywa, dada, mpe na chakula. Ukitaka kumsomea sehemu hii, msomee. Mimi nilijaribu jana nikashindwa.

Najua unachokifikiria sasa, kwamba kwa nini sikusema mwezi wa tano, wakati nusu ilikuwa mezani na ungeweza kuichukua kwa haki. Nilikuwa naogopa kazi, ndiyo, naogopa na polisi, maana ni wazee mia nne waliopotea mle na si baba peke yake. Lakini hofu kubwa ilikuwa wewe. Ulikuwa unaniambia kila nikipiga kwamba unaniombea mikono yangu.

Sababu ya pili ya kuandika ni hii. Barua ikiwa mikononi mwako ni ushahidi. Inaonyesha kwamba ushuhuda wa baba ulirekodiwa kweli, na kwamba aliyeufuta ni mimi, si wewe uliyetunga. Haionyeshi baba alisema nini. Hilo siwezi kulileta, sikusikia, nilikuwa kwenye benchi. Ukiipeleka barazani Alhamisi, watajua hukuwa mwongo, na Cleopa atajua hakuna karatasi. Atachukua lote, na mimi nitachukuliwa na wanaohusika, na sitakimbia. Nimeshamwandikia Mama Doris barua yake, iko kwenye bahasha juu ya meza yangu, ataikuta Ijumaa.

Ukienda kwa Cleopa kabla ya Jumatano jioni ukaipokea nusu, utapata upande wa mtoni, bustani na miembe miwili ya baba, Magreti na Frank watakuwa na pa kulima. Lakini utakuwa umepewa na uongo wangu wa jana kwenye kikombe cha chai, na barua hii itabidi uichome, na kila utakapokutana na Cleopa kanisani utakumbuka kwamba siku ya kuandikishana wewe ulijua na yeye hakujua.

Natamani nikuambie chukua nusu. Nimeandika hivyo kwenye zile karatasi nne nilizozichana. Kisha nikakumbuka kwamba mara ya mwisho nilipokuamulia jambo lako bila kukuuliza ilikuwa Ijumaa ile, na nilikuwa na hakika, na niliulizwa mara mbili. Sikuamulii tena. Nimetia sahihi kila ukurasa na chini nimeweka majina yangu matatu na dole gumba, ili kama utaipeleka wasiseme si yangu. Na kiberiti unacho jikoni. Chochote utakachokifanya usinipigie kuniuliza, dada, kwa kuwa nitakujibu, na mimi si mtu wa kuulizwa.

Nisalimie Magreti na Frank, waambie mjomba yupo. Msalimie mama mdogo Joha na wote wa upande wa reli. Usibebe ndoo mbili za maji kwa safari moja, goti halitaki ushujaa. Nakutakia amani, ingawa najua nimekutumia kinyume chake.

Ni mimi mdogo wako, niliyefuta maneno ya baba,

Timotheo Lupakisyo Mwakabana,
Fundi wa seva.